Ndama Aliyeandikwa Ubaoni

Mwalimu Mkuu alipostaafu, shule ilimpa zawadi ya saa ya ukutani, naye akajipa zawadi ya ubao mweusi. Aliuomba ule wa darasa la nne, wenye ufa pembeni, akaubeba hadi nyumbani na kuutundika kwenye ukuta wa banda la ng'ombe, juu kidogo ya hori. Tangu siku hiyo ng'ombe wa nyumba ile hakuwahi kula majani bila kuelimishwa.

Ng'ombe mwenyewe alikuwa mmoja tu. Mke wa Mwalimu alimwita Madoa, na alikuwa na haki ya kumpa jina, maana ni marehemu mama yake ndiye aliyemwachia tangu akiwa mtamba mwembamba wa miguu mirefu. Mwalimu alimwita Mradi. "Mradi umeshiba?" angeuliza asubuhi. "Mradi umekunywa maji?" Mkewe alikuwa akijibu kwamba Madoa ameshiba, na maji amekunywa. Mtaa mzima ulimwita mwanamke huyu Mama Mwalimu, kana kwamba yeye ndiye aliyemzaa yule mzee, na zipo siku aliona mtaa haujakosea.

Ubaoni, kwa mwandiko ulionyooka, paliandikwa: KUPANDISHWA, 12 MEI. SIKU ZA MIMBA, 283. KUZAA, 19 FEBRUARI. Chini yake palikuwa na namba ya siku iliyofikiwa, ambayo Mwalimu aliibadilisha kila alfajiri kabla hajapiga mswaki. Sasa ilikuwa Machi, siku ya Jumatano, na namba ilisema 302.

"Amechelewa," alisema Mwalimu, kwa sauti ile ile aliyokuwa akiitumia getini akiwasubiri watoto wa mwisho. "Siku kumi na tisa. Hana hata aibu."

Mama Mwalimu alikuwa ameinama akizoa samadi. Hakujibu. Kujibu kulimletea hasara mwaka mzima, na alishaanza kujifunza.

Maana habari yenyewe haikuanzia tarehe kumi na mbili Mei. Madoa alipandishwa mara ya kwanza tarehe kumi na mbili Januari mwaka uliopita, na mbegu ikashika. Mama Mwalimu alijua hivyo kama anavyojua uji umeiva, bila kuonja. Siku ishirini na moja zilipita, ng'ombe hakulia wala hakuhangaika. Nywele zikaanza kung'aa. Akawa mtulivu kwenye kukamuliwa, akitafuna taratibu na macho nusu wazi. "Ana mimba huyu," alisema Mama Mwalimu, na Mwalimu akaandika daftarini: Haijathibitishwa.

Halafu ikafika Mei. Kwenye birika la maji la mtaa, Mwalimu akamwona Mradi wake akimpanda mgongoni ng'ombe wa jirani. Alirudi nyumbani mbio, kanzu ya kulalia ikipepea, akafungua kitabu chake cha ufugaji na kusoma kwa sauti kwamba ng'ombe anayepanda wenzake huenda yuko kwenye joto. Neno "huenda" alilipitia juu kwa juu.

"Kupanda si kupandwa, Mwalimu," mkewe alimwambia. "Wenye mimba nao hupanda wenzao, wakijisikia. Aliye kwenye joto ni yule anayesimama apandwe. Mwache mtoto wa watu, ana miezi minne tumboni."

"Ushahidi?"

"Macho yangu."

"Macho si ushahidi, mke wangu. Macho ni maoni."

Akaitwa mpandishaji, yule anayezunguka na pikipiki na mtungi wa mbegu. Kijana wa watu mtungi wake ni wa kisasa, na mkono wake si mbaya, lakini alikuwa na kasoro moja iliyokuwa nayo nusu ya mji: alisomeshwa na Mwalimu Mkuu. Aliwahi kupigishwa magoti mbele ya paredi kwa sababu ya kugawanya. Mama Mwalimu alimwomba apime kwanza ndani kabla ya kupitisha mrija wa mbegu. Kijana akaingiza mkono, akanyamaza, akasema kwa sauti ya darasa la tatu, "Mwalimu, mlango umeziba. Kuna ute mzito, kama gundi. Nadhani..."

"Sikukuita udhani. Sukuma."

Akasukuma. Mtu mzima mwenye leseni, akasukuma kwa sababu mzee mmoja alimkazia macho. Mwalimu akafuta ubao, akaandika tarehe mpya, na kwenye daftari akaongeza mstari chini ya neno Maoni ambao mkewe hakuusoma siku ile.

Oktoba ilipofika, tarehe aliyoihesabu Mama Mwalimu kwa vidole, alitandika nyasi kavu bandani, akaweka tayari kitambaa na maji, akakesha siku tatu. Madoa hakuzaa. Hakuonyesha hata dalili. Tumbo lilikuwa limesimama pale pale, na kiwele hakikujaa. Mwalimu hakumcheka, na hiyo ndiyo iliyouma zaidi. Alimpigapiga begani akasema, "Si neno. Kila mtu hukosea hesabu." Ndipo Mama Mwalimu akaanza kujishuku. Alipotia chumvi kwenye mchuzi, alionja mara tatu. Alipofunga mlango, alirudi kuuangalia. Mwanamke aliyekamua ng'ombe kwa miaka thelathini alianza kuwauliza watu kama mvua inanyesha.

Desemba, kwa amri ya ubao, Madoa alikaushwa maziwa ili apumzike kabla ya kuzaa. Nyumba ikaanza kunywa chai ya rangi. Huku nyuma Mwalimu aligawa ndama. Akizaliwa jike, ni wa kaka yake. Akizaliwa dume, ni wa mkwe. Mwenyekiti wa mtaa aliahidiwa bila kujali jinsia, na jirani wa kushoto aliahidiwa yule wa pili, iwapo watakuwa pacha. Wote wanne walikuja kwa zamu kumtazama ng'ombe, na Mwalimu aliwashika mikono akawawekea viganja kwenye ubavu wa kushoto. "Umesikia? Teke!" Walisikia. Mama Mwalimu alijua kwamba kushoto kwa ng'ombe ndiko lilipo tumbo la majani, na kilichokuwa kikiwapiga teke wageni ni gesi. Lakini nani angemsikiliza? Yeye ndiye wa Oktoba.

Basi Jumatano ile, siku ya 302, Mwalimu alipangusa chaki vidoleni akatoa hukumu.

"Nimeshazungumza na mchinjaji. Jumamosi asubuhi anakuja na kamba. Mradi usiozaa hauendelezwi."

Mama Mwalimu aliinuka na koleo mkononi. "Madoa?"

"Mradi."

"Ng'ombe wa mama yangu unamwitia kisu bila kumwitia daktari?"

"Daktari wa nini? Mahesabu yako wazi. Tumempa nafasi mbili. Ng'ombe wa maskini hazai, wahenga walisema."

"Wahenga hawakuwa na ubao," alisema Mama Mwalimu. Akaegemeza koleo ukutani, akanawa miguu, akajifunga khanga safi, akatoka.

Ofisi ya mifugo ilikuwa chumba kimoja nyuma ya soko, chenye meza iliyofungwa mguu mmoja kwa waya, friji ndogo iliyoandikwa "Si ya soda", na bango la ng'ombe aliyekatwa ubavu ili aonyeshe ya ndani. Daktari alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mfupi, na mabuti ya mpira yaliyomfika magotini. Alimwamkia mgeni wake, akamsikiliza bila kumkatiza, akauliza maswali manne tu: alipandishwa lini, tena lini, tumbo limekua, na tangu Mei amewahi kuonyesha joto. Kisha akauliza la tano, huku akijifanya anatafuta glavu.

"Mwalimu mwenyewe yupo nyumbani?"

"Yupo."

Daktari alivuta pumzi. "Aliwahi kunisimamisha ukutani wiki nzima, mama. Jedwali la saba."

"Hata wewe?" alisema Mama Mwalimu. Alijiuliza kama katika mji huu kuna mtu yeyote mwenye ujuzi wa kazi yake ambaye hakuwahi kulishwa chaki na mume wake.

Bandani, Daktari alisema shikamoo, Mwalimu akasema marahaba, binti yangu, umekua. Madoa alifungwa kwenye nguzo. Daktari akavaa glavu ndefu ya plastiki iliyomfika begani, akaipaka sabuni, akaingiza mkono taratibu kupitia njia ya nyuma, na uso wake ukabadilika ukawa uso wa mtu anayesoma gizani. Mama Mwalimu alishika mkia. Mwalimu alishika daftari.

"Natafuta maji ya mimba," alisema Daktari. "Hakuna. Natafuta vifundo vya kondo, vile vinavyoshikana na mji wa mimba. Hakuna. Mshipa wa damu wa mimba kubwa hutetemeka ukiugusa, kama simu iliyozimwa sauti. Huu umelala kimya." Mkono ukasonga. "Lakini kuna kitu. Kigumu, kikavu, kimebanwa na mji wa mimba pande zote. Kipo, ila hakiko hai."

"Rudia," alisema Mwalimu.

Daktari akaanza kurudia kupima. Alirudia kweli, na masikio yakampata moto kama mtoto. Alipomaliza akasema jibu ni lile lile.

"Jibu si hilo. Kaa ufikiri tena."

Mama Mwalimu alimwona Daktari akinywea palepale ndani ya mabuti yake, akiwa karibu kusema labda, akiwa karibu kusema nadhani, na akamkumbuka yule kijana wa mrija. Hasira ikampanda kutoka miguuni.

"Mwalimu," alisema, "mkono wa huyu umo ndani ya ng'ombe hadi kwapani. Wako umo mfukoni. Sasa nani anajua kilichomo?"

Madoa akajamba, kama anaunga mkono hoja.

Daktari akapata sauti. Alieleza kwamba ndama alikufa tumboni zamani, maji yote yakanyonywa, akabaki amekauka. Mwili wa Madoa haukupata habari za msiba, kwa hiyo ulikuwa bado unalinda mimba: mlango umefungwa, joto halirudi. Mtu angeweza kusubiri miaka miwili. Dawa ni sindano moja ya kuuambia mwili kwamba mimba imekwisha. Mlango utafunguka baada ya siku mbili, tatu, na mzigo utavutwa kwa mkono, kwa kuwa hauna maji ya kuutelezesha. Mji wa mimba ukipona, Madoa atashika tena.

"Na kama yuko hai?" Mwalimu alipandisha sauti. "Kama binti huyu amekosea, kama alivyokuwa akikosea jedwali la saba? Sindano hiyo itamuua ndama wa watu wanne!" Akamgeukia mkewe, akalainika. "Mke wangu, kumbuka Oktoba."

Alikumbuka. Alikumbuka nyasi kavu na maji yaliyopoa, na mkono ule begani. Kama Daktari amekosea, basi yeye mwenyewe ndiye atakayekuwa ameua, kwa idhini yake, na maisha yake yote yaliyobaki atapigwapigwa begani. Alimtazama Madoa. Tumbo lile lilikuwa dogo, dogo kabisa kwa siku 302. Macho yake mwenyewe Mama Mwalimu yalikuwa yakimwambia hivyo tangu Oktoba, naye akayanyamazisha kwa sababu mtu fulani aliyaita maoni.

"Ng'ombe ni wa nani?" aliuliza.

"Usiingize mambo ya..."

"Ng'ombe ni wa nani, Mwalimu?"

"Ni... wa mama yako."

"Mama yangu amekufa. Daktari, mchome."

Sindano ilichukua muda mfupi kuliko kupiga chafya. Mwalimu aliandika daftarini: Imefanyika kinyume na ushauri wangu. Alhamisi namba ikawa 303, Ijumaa 304. Mama Mwalimu hakulala vizuri wala hakula vizuri, na kila saa alikwenda kumwangalia Madoa nyuma. Ijumaa jioni aliona ute mweusi mzito kwenye mkia, akakaa chini pale pale sakafuni.

Jumamosi Daktari alifika saa mbili kasoro. Mchinjaji alifika saa mbili kamili, na kamba yake begani, maana naye alifundishwa kuwahi. Akaambiwa asubiri. Akasimama mlangoni mwa banda akinyoosha shingo.

Daktari alipaka mafuta glavu, akapaka tena, akaingiza mkono kwa njia ya uzazi. Safari hii hakuwa na uso wa kusoma. Alivuta kidogo, akaacha, akavuta. Madoa alikunja mgongo akasukuma. Kikatoka kitu cha rangi ya kahawia iliyokolea, kimejikunja, ngozi imegandamana na mifupa, kikavu kama kiatu kilichosahauliwa darini. Hakikunuka. Kilikuwa na kichwa, na matundu ya macho, na kwato ndogo zilizokamilika. Mama Mwalimu alikipokea kwa kitambaa kile alichokiandaa Oktoba.

"Pole, mama," alisema Daktari kwa upole.

Mwalimu alikuwa wa kwanza kupata nguvu za kusema, na aliponena alinena kama mwenyekiti wa kikao. "Basi. Imethibitika kwamba mimba ya Mei ilikuwa na hitilafu. Mbegu mbovu. Mpandishaji atajieleza."

Mama Mwalimu hakuwa akimsikiliza. Alikuwa akikitazama kilichomo kitambaani. "Alikufa akiwa wa umri gani?"

"Inapimika," alisema Daktari. "Toka utosini hadi mwanzo wa mkia. Kuna rula?"

Katika nyumba ile rula haikosekani. Mwalimu alitoa ya mbao, ya sentimita thelathini, iliyowahi kupima mengi na kuchapa zaidi. Daktari akamnyoosha ndama kwa uangalifu. "Ishirini na nne."

"Sasa?" aliuliza Mwalimu.

"Kanuni yetu ni hii, Mwalimu. Miezi ya mimba, zidisha kwa miezi hiyo hiyo ukiongeza mbili, unapata urefu. Wa miezi miwili: mbili mara nne, sentimita nane. Wa mitatu: tatu mara tano, kumi na tano. Ni kukadiria, wiki mbele au nyuma."

Macho ya Mwalimu yaling'aa. Hesabu ilimwita kwa jina, naye hajawahi katika maisha yake kuiacha hesabu ikisubiri. "Kwa hiyo ishirini na nne... nne mara sita!" alisema, kidole juu. "Nne mara sita, ishirini na nne. Miezi minne!" Akatabasamu, akawatazama wote watatu, akisubiri mtu wa kupiga makofi.

"Miezi minne," alisema Mama Mwalimu polepole. "Ukihesabu kuanzia kumi na mbili Mei, angekuwa amekufa Septemba. Lakini mimba hiyo ya Mei ingeingilia wapi, Daktari, kama mlango Mei uliziba kwa gundi?"

"Haikuingia, mama. Mlango unaoziba hivyo ni wa ng'ombe mwenye mimba tayari. Mrija ukilazimishwa pale, ndama aliyemo hufa."

"Basi tuanzie Januari. Kumi na mbili Januari, Mwalimu. Ongeza miezi minne."

Mwalimu alishusha kidole. Hakuongeza. Hakukuwa na haja; tarehe ilikuwa juu ya kichwa chake, kwa chaki, kwa mwandiko ulionyooka.

Mama Mwalimu alinyoosha mkono akachukua daftari. Alifunua hadi Mei, akasoma kwa sauti, taratibu, kwa kuwa ndiyo mara yake ya kwanza kuusoma mstari ule. "Kumi na mbili Mei. Amepandishwa mara ya pili. Maoni: mke adai ana mimba. Hana ushahidi."

Mchinjaji akaanza kukunja kamba yake.

Alilia hapo, Mama Mwalimu, na hakujificha. Alimlilia ndama aliyekuwa hai asubuhi ile ya Mei, akasukumwa. Na alijililia mwenyewe, kwa mwaka mzima wa kuonja chumvi mara tatu. Kisha akajifuta kwa ncha ya khanga, akaweka daftari wazi juu ya ukingo wa hori, na kitambaa pembeni yake.

"Ushahidi ndio huu," alisema. "Kalamu yako nyekundu iko wapi?"

Aliitoa mfukoni mwa shati, kama mtoto anayetoa gololi. Mkewe akaweka alama ya kosa juu ya ule mstari, kubwa, ya pembe hadi pembe, akamrudishia kalamu.

"Uliwafundisha watoto wa mji huu nini kuhusu kosa?"

Mwalimu alimtazama Daktari, Daktari akatazama mabuti yake. Akamtazama mchinjaji, ambaye ghafla alikuwa na shughuli nyingi na kamba.

"Kosa halifutwi," alisema Mwalimu kwa sauti ndogo. "Kosa husahihishwa."

"Mara ngapi?"

"Mara kumi."

Akavuta kigoda cha kukamulia, akakaa, akaweka daftari gotini. Mama Mwalimu alimletea Madoa maji ya vuguvugu, akamkuna nyuma ya masikio huku Daktari akitia dawa kwenye mji wa mimba na kumweleza dalili za kuangalia siku zijazo. Alimweleza yeye, si mwingine.

Walikuwa katika hali hiyo kaka yake Mwalimu alipobisha hodi, amevaa koti, na kamba mpya ya ndama mkononi.

"Habari za hapa! Vipi, ndama wangu kafika? Ni jike?"

Mwalimu hakuinua kichwa. "Muulize mwenye ng'ombe," alisema. "Mimi niko sahihisho la sita."

Kaka mtu akageuka, hajaelewa, akamtazama mke wa mdogo wake.

"Alikuwepo, shemeji," alisema Mama Mwalimu, akikifunika kitambaa. "Alikuwepo tangu Januari. Nilisema."